Uyoga wa Kabalagala kwa sura ya Kijapani: Nembo hubuniwaje bila kumpotosha mnunuzi?

Kabalagala, mtaa ulio katika tarafa ya Makindye jijini Kampala, unajulikana zaidi kwa migahawa yake na kwa muziki usiozimika hadi alfajiri. Kando ya barabara ya Ggaba na ile inayopanda kuelekea Muyenga, chakula cha Kihabeshi, cha Kikongo, cha Kihindi na cha Kiganda hupatikana kwa umbali wa hatua chache. Katika soko la namna hiyo, mkulima mdogo wa uyoga anayetaka bidhaa yake iingie kwenye jiko la hoteli au rafu ya duka kubwa hukabiliwa na swali moja mapema: pakiti yake itambulike kwa alama gani?

Mara nyingi jibu linalokuja haraka ni Japani. Nchi hiyo ina sifa ya kuthamini uyoga, na sanaa yake ya michoro inasifiwa duniani kwa usafi na utulivu. Hata hivyo, kuazima sura ya taifa lingine ni jambo lenye masharti. Nembo inaweza kuipa biashara ndogo heshima, lakini pia inaweza kuiingiza katika mgogoro wa kisheria, kuwachekesha wanaoijua lugha iliyoazimwa, au kumfanya mnunuzi aamini kwamba amenunua kitu kilichotoka ng'ambo wakati kimekuzwa katika chumba chenye giza nyuma ya nyumba.

Kwa familia ambazo mtaji wa biashara kama hiyo umetumwa na ndugu walio ughaibuni, kosa la aina hiyo si dogo. Fedha za kuchapisha lebo upya ni fedha za mbegu, za mifuko na za kodi ya chumba.

Kwa nini uyoga unahitaji alama ya kuaminika

Uyoga unaokuzwa kwa wingi na wakulima wadogo nchini Uganda ni wa jamii ya Pleurotus, ambao wakulima wengi wa Tanzania huuita mamama. Hupandwa katika mifuko iliyojazwa mabaki ya kilimo, hasa maganda ya mbegu za pamba, baada ya mabaki hayo kupikwa kwa mvuke ili kuua vijidudu. Mifuko hiyo huwekwa katika chumba chenye giza na unyevunyevu hadi nyuzi nyeupe zitakapoenea, na kisha uyoga huchomoza kwa awamu.

Ukishavunwa, uyoga mbichi hudumu kwa siku chache tu. Usiponunuliwa haraka hunyauka, na mkulima hulazimika kuukausha au kupata hasara. Zaidi ya hayo, uyoga ni chakula chenye hofu yake. Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, watoto hufundishwa mapema kwamba uyoga wa porini usiojulikana huua. Kwa sababu hiyo, mnunuzi wa mjini asiyemwona mkulima huitazama pakiti akitafuta uhakika: nani ameukuza, lini umevunwa, na je, ni aina ile anayoifahamu?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema kilichofungwa ndani ya pakiti hakiwezi kujiuza mpaka kitambulike. Hapo ndipo kazi ya nembo inapoanzia.

Japani ipi inayoazimwa?

Watu wengi wanaposema sanaa ya Kijapani huwaza duara jekundu, tawi la maua ya mcheri na herufi zilizoandikwa kwa brashi. Vitu hivyo ni pambo la juu. Msingi ambao mbunifu wa nembo anaweza kujifunza kwa faida zaidi ni utaratibu wa kale wa alama za koo, ziitwazo kamon.

Alama hizo zilianza kutumiwa na makabaila wa makao ya kifalme katika zama za Heian, waliozipamba kwenye magari yao ya kukokotwa na ng'ombe ili mwenye gari ajulikane. Baadaye zilichukuliwa na samurai, ambao walihitaji kutambuana kwa mbali katika vumbi la vita. Kutokana na mahitaji hayo, alama ilipaswa kuwa na umbo moja, rangi moja na mistari michache, mara nyingi ndani ya duara. Ilipaswa kusomeka ikiwa nyeupe juu ya kitambaa cheusi au nyeusi juu ya kitambaa cheupe. Hadi leo huonekana kwenye kimono za sherehe rasmi.

Baadhi ya kampuni kubwa za Japani zimejengwa juu ya msingi huo. Nembo ya almasi tatu ya Mitsubishi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1870 na Yataro Iwasaki, iliunganisha alama ya ukoo wa Iwasaki na majani matatu ya mwaloni ya ukoo wa Yamauchi, watawala wa jimbo la Tosa ambako mwanzilishi huyo alitoka. Kikkoman, watengenezaji wa mchuzi wa soya, hutumia umbo la pembe sita linalowakilisha gamba la kobe, na ndani yake herufi yenye maana ya elfu kumi. Nembo zote mbili zinaweza kuchorwa upya na mtoto aliyeziona mara chache, na hicho ni kipimo kizuri.

Ipo pia Japani ya pili, iliyo karibu zaidi na biashara ya uyoga. Mwaka 1980 bidhaa za Muji zilianza kuuzwa, na jina lenyewe refu, Mujirushi Ryohin, lina maana ya bidhaa nzuri zisizo na chapa. Miongoni mwa bidhaa zake za mwanzo ulikuwa uyoga mkavu wa shiitake uliovunjika vipande. Wafanyabiashara wengine walichagua ule mzima wenye umbo la kupendeza. Muji iliufunga uliovunjika katika pakiti isiyo na madoido, ikaeleza kwamba ladha haibadiliki kwa kuvunjika, na ikauuza kwa bei nafuu. Ufungashaji huo ulisifiwa kwa uzuri wake, ingawa nguvu yake ilikuwa katika maelezo ya kweli.

Kwa mkulima wa Kabalagala, somo hilo lina thamani kuliko brashi yoyote.

Uyoga tayari una alama Buganda

Kabla ya kwenda Tokyo, mbunifu anayefanya kazi Kampala hana budi kutazama ardhi aliyosimama juu yake. Waganda wamegawanyika katika koo, na kila ukoo una muziro wake, yaani mnyama, mmea au kitu ambacho wanaukoo hukiheshimu na hawakili. Mmojawapo ni ukoo wa Butiko. Muziro wake ni uyoga wenyewe, ambao kwa Kiganda huitwa obutiko.

Mkuu wa ukoo huo hubeba cheo cha Ggunju, na jina hilo limo katika ngoma maarufu ya kasri iitwayo amaggunju. Kwa mujibu wa simulizi za Buganda, ngoma hiyo ilichezwa kwa ajili ya Kabaka Mulondo, aliyeketi kwenye kiti cha enzi akiwa mtoto mdogo, na wachezaji wake walikuwa watu wa ukoo wa mama yake, ukoo wa Butiko.

Jambo hili lina maana mbili kwa mwenye biashara. Kwanza, uyoga uliowekwa ndani ya duara kama alama ya ukoo unaweza kusomwa na Mganda kwa namna ambayo Mjapani hangewaza: mmoja atadhani ni bidhaa ya ukoo, mwingine ataona kitu anachokiheshimu kikiuzwa kwa ajili ya kupikwa. Uyoga huuzwa wazi katika masoko ya Kampala na hakuna anayezuiwa, lakini ni busara kumwonyesha mchoro mtu wa ukoo huo kabla ya kuuchapisha.

Pili, hapa ndipo Japani na Buganda zinapokutana bila kulazimishwa. Nchi zote mbili zimewahi kuutambulisha ukoo kwa mmea. Isitoshe, Wajapani wana uyoga uitwao maitake, jina ambalo maana yake ni uyoga wa kucheza ngoma. Mbunifu anayeujua uyoga wa kucheza wa Japani na ngoma ya ukoo wa uyoga wa Buganda anaweza kuchora kofia za uyoga zilizopindana kama watu wanaocheza, na mchoro huo ukawa na mizizi pande zote mbili.

Mitego ya mchoro

Mtego wa kwanza ni umbo lenyewe. Mtu akiombwa achore uyoga bila kufikiri, mara nyingi huchora kofia nyekundu yenye madoa meupe. Huo ni uyoga uitwao kitaalamu Amanita muscaria, na una sumu. Kuuweka juu ya pakiti ya chakula ni sawa na kuchora fuvu kwenye chupa ya maziwa. Isitoshe, uyoga mwekundu wenye madoa na macho mawili unafahamika duniani kote kutokana na mchezo wa Super Mario Bros., uliotolewa mwaka 1985 na kampuni ya Nintendo ya Kyoto, na hakuna biashara ndogo inayohitaji kukaribia mali ya kampuni hiyo.

Umbo linapaswa kufuata kile kilichomo. Mamama hukua kwa mafungu, kofia zake zikipanuka kama kipepeo cha kupepea moto, na mikunjo yake ikishuka hadi kwenye shina. Shiitake una kofia ya duara, rangi ya kahawia, na huchorwa kama mwavuli. Anayeuza mamama chini ya mchoro wa shiitake amekwisha kusema uongo kabla ya kutamka neno.

Mtego wa pili ni alama za dola. Ua la krisanthemu lenye petali 16 ni alama ya ufalme wa Japani, na sura yake ipo hata kwenye jalada la pasipoti za nchi hiyo. Bendera ya Japani nayo ni duara jekundu juu ya nyeupe. Mkataba wa Paris kuhusu mali ya viwanda, ambao Uganda ni mwanachama wake, unazuia bendera na nembo za mataifa kusajiliwa kama alama za biashara bila idhini. Kwa hiyo duara jekundu tupu, linalopendwa sana na wabunifu wenye haraka, ndilo lenye kasoro zaidi.

Mtego wa tatu ni kunakili. Mwaka 2015, waandaaji wa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo waliiondoa nembo waliyokuwa wameizindua wiki chache kabla, baada ya mbunifu mmoja wa Ubelgiji kudai kwamba inafanana na nembo ya ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Liège. Mbunifu wa Kijapani alikanusha kunakili, lakini nembo mpya ililazimika kutafutwa. Ikiwa jambo hilo liliwakuta waandaaji wa Olimpiki, litamkuta kwa urahisi zaidi mtu anayepakua mchoro uliokwisha kutumiwa na wengine kutoka intaneti.

Herufi ambazo mwenye duka hawezi kuzisoma

Kabalagala ina mfano hai wa lugha za kigeni kwenye mabango. Herufi za Kihabeshi kwenye mlango wa mgahawa huandikwa kwa ajili ya watu wanaozisoma: mpishi, mhudumu na wateja waliokulia Addis Ababa au Asmara. Huko ni kuwakaribisha wenzao, na mgeni asiyezijua hupata utamu wa kuona kwamba chakula ni cha wenyewe.

Herufi za Kijapani kwenye pakiti ya uyoga wa Kampala zina hali tofauti. Zikiandikwa na mtu asiyezijua, zinaweza kugeuzwa juu chini au kubeba maana isiyokusudiwa. Kampuni ya mavazi ya Superdry ya Uingereza iliweka kwenye bidhaa zake maneno ya Kijapani ambayo wazungumzaji wa lugha hiyo huyaona kama tafsiri ya ajabu ya amri ya kukausha kupita kiasi. Kampuni kubwa ilistahimili kicheko hicho, lakini muuzaji anayetegemea wateja wachache wa hoteli asingetaka kuchekwa na mpishi wa Kijapani siku ya kwanza.

Zipo pia herufi za Kilatini zilizochongwa zifanane na mipigo ya brashi. Mtindo huo haukuzaliwa Japani. Ulianza katika viwanda vya chapa vya Marekani katika karne ya 19, ukatumika kwenye mabango ya migahawa ya Kichina, na watu wengi wenye asili ya Asia huuona kama dhihaka.

Ikiwa neno la Kijapani linahitajika, liwe la kweli na lieleweke. Neno kinoko, lenye maana ya uyoga na linaloweza kufasiriwa kuwa mtoto wa mti, hutamkika vizuri kwa ulimi wa Kiswahili na wa Kiganda. Uyoga wa jamii ya mamama una jina lake Japani: hiratake, yaani uyoga bapa. Kwa hiyo mkulima anaweza kuandika jina hilo bila kudanganya, mradi asiandike shiitake. Na chini yake yaandikwe, kwa herufi zinazosomeka, maneno yanayomaliza shaka: umekuzwa Kampala, Uganda.

Rangi, nafasi na mhuri

Katika michoro ya Kijapani, nafasi iliyoachwa tupu ni sehemu ya kazi. Pakiti isiyojazwa picha humlazimisha mnunuzi atazame kile kimoja kilichopo. Kwa mfanyabiashara mdogo hili ni jambo la akiba pia: nembo ya rangi moja huchapishwa kwa gharama ndogo, na inaweza kuchongwa kuwa mhuri wa mpira unaogongwa kwenye mfuko wa karatasi. Mihuri ya wino mwekundu ni desturi hai nchini Japani, ambako watu wengi huitumia kwenye nyaraka mahali pa saini. Pakiti yenye mhuri mmoja mdogo pembeni hufuata desturi hiyo kwa uaminifu kuliko pakiti iliyojaa maua.

Uchaguzi wa rangi, hata hivyo, hufanywa Kampala na si Kyoto. Nchini Uganda manjano hukumbusha chama tawala cha NRM, nyekundu hukumbusha NUP na buluu FDC. Wakati wa kampeni, pakiti yenye rangi kali inaweza kusomwa kama bango. Kahawia ya kofia ya uyoga, nyeusi ya wino au buluu iliyokolea sana ya nili, ambayo Wajapani wameitumia kutia nguo rangi kwa karne nyingi, hupunguza uwezekano huo.

Hatua za kazi na ulinzi wa sheria

Kazi nzuri huanza kwa maneno. Kabla ya penseli, mwenye biashara huandika sentensi chache: anauza uyoga gani, mbichi au mkavu, kwa nani, na ni jambo gani moja anataka likumbukwe. Kisha mbunifu huuweka uyoga halisi mezani na kuuchora kutoka pande zote. Michoro mingi hupunguzwa hadi mitatu, na kila mmoja hujaribiwa kwa ukubwa wa sarafu, kwa rangi nyeusi peke yake, na kwa kutazamwa kutoka ng'ambo ya barabara. Usiosomeka huachwa. Mwisho, mbunifu hukabidhi faili ambalo linaweza kukuzwa bila kupoteza ubora, pamoja na maandishi yaliyotiwa saini yanayosema nani anamiliki mchoro.

Hatua inayofuata ni usajili. Alama za biashara nchini Uganda husimamiwa na Shirika la Huduma za Usajili, URSB, chini ya sheria ya mwaka 2010. Kwanza hufanywa upekuzi ili kuona kama kuna alama inayofanana. Maombi yakikubaliwa hutangazwa katika gazeti rasmi, na yeyote mwenye pingamizi ana siku 60 za kulitoa. Usajili hudumu kwa miaka saba, na baada ya hapo unaweza kuhuishwa kwa vipindi vya miaka kumi. Ni muhimu kujua kwamba, katika mpangilio wa kimataifa wa bidhaa, uyoga mbichi upo katika daraja la 31 na uliokaushwa au kuhifadhiwa upo katika daraja la 29. Anayesajili daraja moja huku akiuza aina zote mbili ameacha mlango mmoja wazi. Sheria pia hairuhusu alama inayoweza kumdanganya mnunuzi, na asili ya bidhaa ni mojawapo ya mambo yanayoweza kudanganya.

Nembo pekee haitoshi kuruhusu bidhaa kuingia dukani. Kiwango cha Afrika Mashariki kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, hudai maelezo kama jina la chakula, uzito, jina na anwani ya mtengenezaji, na tarehe. Mbunifu anayechora pakiti bila kutenga nafasi ya maelezo hayo atalazimika kuyabana pembeni, na uzuri wote wa nafasi tupu utapotea.

Mfano ulio kilimani

Anayetaka kuona kuazima kwa heshima hana haja ya kusafiri mbali. Upande wa Muyenga, katika barabara ya Tank Hill, kuna mgahawa wa Kijapani wa Yamasen, uliojengwa mwaka 2018 kwa usanifu wa ofisi ya Kijapani ya TERRAIN Architects. Nguzo na mihimili yake ni ya mikalitusi, miti inayopandwa kila mahali Uganda na kutumiwa kama majukwaa ya ujenzi kisha kutupwa. Paa lake limeezekwa kwa nyasi. Hakuna aliyesafirisha hekalu kutoka Kyoto. Kilicholetwa ni nidhamu ya kuunganisha mbao na macho ya kuona thamani katika kitu ambacho wenyeji walikizoea.

Nguo ya kuazima, wahenga walionya, haisitiri maungo. Mkulima wa Kabalagala anayejivika Japani kwa duara jekundu na herufi asizozijua ataonekana siku upepo utakapovuma. Lakini yule anayejifunza namna Wajapani walivyoliheshimu umbo dogo, akalichora tunda la mikono yake kama lilivyo, na akaandika mahali lilipokuzwa, hatakuwa ameazima nguo. Atakuwa amejifunza kushona. Na mnunuzi atakayesimama mbele ya rafu, akisita kama alivyofundishwa tangu utotoni kusita mbele ya uyoga, atakuwa amepata jibu la swali lake kabla ya kuuliza.